Nyota ya Dainess Imehama

Kinyala, Rungwe
2 Februari 2025

Mdogo wangu Andongwisye,

Ndaga, umeamkaje huko kwenye joto lenu? Huku sote wazima, isipokuwa mama anakohoa. Ukimwambia aende zahanati anasema ni ukungu tu, kisha anahamia nyuma ya jiko akakohoe tusimsikie. Mvua haijatupumzisha tangu Krismasi. Nguo nilizofua Jumatatu mpaka leo zinanuka unyevu.

Najua unashangaa barua wakati simu ninayo. Nikiongea nawe hapa nyumbani mama anataka niweke sauti kubwa, na ikishawekwa sauti kubwa anasikia jirani, na jambo lenyewe ni la aibu. Nampa barua kondakta wa basi la Dar, atakupigia ukaichukue.

Jackson wa Masoko unamfahamu, yule wa kiwanda cha chai, anayesimamia mashine za kukaushia majani. Barua yake ya posa ilikuja, tukaipokea, wazee wa pande zote wakapatana. Nikajua yamekwisha. Sasa mama yake kaja na jipya. Kuna mtu wa nyota redioni kila Ijumaa, watu wanapiga simu wanataja tarehe zao za kuzaliwa. Mama Jackson kapiga. Mimi wa tarehe 28 Oktoba nikaambiwa ni Nge. Jackson wa tarehe 3 Agosti, Simba. Nge ni maji, Simba ni moto, na maji yanazima moto. Kwa hiyo nikiolewa na mwanawe nitamzima. Nimzime! Mtu ana kilo themanini na tano, namzimaje?

Jackson anasema nivumilie, mama yake atapoa. Mimi nina miaka thelathini na minne, Ando. Nampenda huyu mtu, nimeshamzoea, na nimechoka kila harusi ya ukoo kupewa kazi ya kupakua wali. Nataka nami wali wangu uliwe.

Jumamosi ya tarehe 22 wazee wao wanakuja hapa kwa baba mdogo Hosea kulizungumza. Wewe ndiye unayefundisha wanafunzi wa chuo mambo ya anga. Wazee wanaheshimu karatasi, hasa ikiwa na jina la msomi chini. Waandikie tu kwamba mambo ya redio ni upuuzi. Ukurasa mmoja. Nakujua wewe. UKURASA MMOJA.

Dada yako,
Dainess

*

Dar es Salaam
9 Februari 2025

Dada Dainess, shikamoo.

Barua yako nimeipata, shikamoo mfikishie na mama, na mwambie asijifiche kukohoa, aende akapimwe. Mimi mzima, ila nimezama kwenye kusahihisha mitihani, kwa hiyo tarehe 22 kuja siwezi.

Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nikafurahi. Nitakwambia kwa nini nimefurahi. Huyo mtu wa redio amekosea hata kwa mizani yake mwenyewe! Unakumbuka pia tuliyokuwa tunazungusha uani, ile ya mbao? Ikianza kuchoka ilikuwa inayumba, kichwa chake kinachora duara taratibu huku yenyewe inaendelea kuzunguka. Dunia nayo inayumba hivyo hivyo. Duara moja linaichukua karibu miaka elfu ishirini na sita. Sasa sikiliza. Watu wa kale waliopanga tarehe za nyota waliangalia ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana urefu, wakaona siku hiyo jua limesimama mbele ya nyota za Kondoo, ambaye redioni mnamwita Punda. Wakaanzia hapo kuhesabu. Lakini kwa ule myumbo, siku hiyo hiyo leo jua linasimama mbele ya Samaki. Na linazidi kurudi nyuma, litafika Ndoo. Ndiyo maana utasikia watu wanasema dunia inaingia zama za Ndoo. Lini hasa, hawakubaliani. Wengine wanasema tumeshaingia, wengine bado miaka mia kadhaa.

Maana yake ni nini kwako? Tarehe zote zimepitwa na karibu nyota moja nzima. Wewe hukuzaliwa jua likiwa kwenye Nge. Wewe ni Mizani! Mwambie huyo mama Nge wake hayupo.

Nimewaandikia wazee. Imetosha ukurasa mmoja, usiseme sikukusikia. Nakunakilia hapa uione:

"Waheshimiwa wazee wangu, nawasalimu kwa heshima. Nimesikia mambo ya nyota yanataka kuzuia ndoa ya dada yangu. Kama mtu aliyesomea anga napenda kuwajulisha kwamba tarehe zinazotajwa redioni zilipangwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na tangu hapo anga limesogea. Nyota ya Dainess imehama. Haipo tena pale mnapodhani ipo. Hili halina ubishi, limepimwa. Dunia nzima inaelekea zama za Ndoo na hakuna aliyedhurika. Naomba ndoa iendelee. Wenu mtiifu, Andongwisye, Dar es Salaam."

Hapo hakuna wa kujibu. Nisalimie Jackson.

Mdogo wako,
Ando

*

Kinyala
24 Februari 2025

Andongwisye,

Hujambo. Sisi tupo.

Hivi wewe Kiswahili ulijifunzia wapi? Si hapa hapa, na mimi? Kuna mtu wa Kinyala asiyejua maana ya nyota ya mtu? Mtu akifukuzwa kazi tunasema nyota yake imefifia. Binti akikosa mchumba anaambiwa akasafishe nyota. Tukimwona mtu anafanikiwa ghafla tunauliza nyota kamwibia nani. Halafu wewe, na shahada zako mbili, unaandika kwenye karatasi, unatia sahihi, "Nyota ya Dainess imehama. Hili halina ubishi, limepimwa."

Baba mdogo Hosea ndiye aliyesoma. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi Sekela, tunamenya ndizi, mlango wazi kidogo. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Alipofika kwenye kuhama nikasikia kikombe kimewekwa chini. Shangazi Sekela akaacha kisu. Mama Jackson akauliza, taratibu kabisa, "Imehama? Imehamia wapi?"

Baba mdogo alichanganyikiwa. Akaigeuza karatasi huku na huku akitafuta jibu, akafika chini kwenye jina lako, akasoma, "Dar es Salaam."

Ahaaa! Sebule nzima, Ando. Ahaaa! Niliisikia mpaka kwenye meno.

Mzee Yohane, wa upande wao, masikio yake unayajua, yeye alikuwa anauliza ndoo gani imezama na imezama wapi, kwa ile "zama za Ndoo" yako. Siku nyingine ningecheka. Wengine wote walikuwa wanakupigia hesabu wewe. Nani kasoma? Andongwisye. Nani anakaa Dar kwenye nyumba ya vigae? Andongwisye. Nani yuko Kinyala analima magimbi na hajaolewa? Na huyo kajuaje kwamba nyota imehama kama si yeye aliyeihamisha? Mama Jackson akasema sasa ameelewa, hana ugomvi na mimi, mimi naonewa. Kumbe tatizo si Nge. Tatizo ni kwamba mwanawe anaozwa mwanamke ambaye nyota yake kaichukua mdogo wake akaondoka nayo.

Shangazi Sekela, shangazi yetu wa damu, akaniangalia akasema, "Ndiyo maana."

Uamuzi wao ni huu. Uje mwenyewe, usimame mbele ya pande zote mbili, useme kwa mdomo wako kwamba nyota ya dada yako umeirudisha. Baba mdogo ataomba, watakunywa chai, wapange siku. Bila hivyo hawarudi hapa.

Njoo uyamalize.

Dada yako,
Dainess

*

Dar es Salaam
3 Machi 2025

Dada, shikamoo. Mama anaendeleaje?

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali penye utani. Unaniambia nije nisimame mbele ya watu nikiri uchawi? Mimi? Asubuhi nawafundisha vijana sheria za mwendo wa sayari, jioni nipande basi nikarudishe nyota? Nairudisha nimeitoa wapi, mfukoni?

Sikia. Nyota nilizoandika ni zile za angani, mabonge ya moto yanayowaka huko mbali, hayajui kama kuna Dainess wala kama kuna Tukuyu. Na hazikuhama zenyewe, ni sisi tunaoyumba. Ningeandika "dunia imeyumba" wangesema nini, kwamba nimeitikisa? Tarehe 20 mwezi huu usiku na mchana vitalingana tena. Mtu akitaka kujua, atoke nje, aangalie, nitamwonyesha kwa simu jua liko upande gani. Hayo ndiyo ninayoweza kuwafanyia. Nikisema nimeirudisha, nimekubali kwamba niliichukua, na siku mama akiugua watasema nimechukua na yake. Unaona mlango ninaofunguliwa?

Halafu niulize jambo. Barua mbili umeniandikia. Najua alivyosema Mama Jackson, baba mdogo, shangazi, hata Mzee Yohane na ndoo yake. Jackson alikuwepo? Alisemaje?

Mdogo wako,
Andongwisye

*

Kinyala
16 Machi 2025

Andongwisye,

Mama anaendelea vizuri, alikwenda Tukuyu akapewa dawa, sasa anakohoa hadharani.

Jackson alikuwepo. Alikaa karibu na mlango. Hakusema kitu, kwani wazee wakizungumza kijana anasema nini? Usinitoe kwenye mada.

Nilimwambia baba mdogo Hosea yale ya Mizani, labda yatasaidia. Akampelekea Mama Jackson. Mama Jackson akapiga tena redioni. Huyo mtu akasema kama Dainess kasogea kuwa Mizani basi na Jackson kasogea kuwa Kaa, na Mizani ni upepo, Kaa ni maji, upepo unavuruga maji. Kwa hiyo asante sana. Myumbo wako umetuyumbisha wote kwa pamoja na tumetua pale pale.

Sasa nisikilize mimi, dada yako. Unasema hujachukua kitu. Sawa. Mimi siamini kwamba nyota ni kitu cha kuibwa, nisingekuwa naenda kanisani. Lakini shangazi aliposema "ndiyo maana" nilitoka nje kwenye mvua nikajifanya naangalia kuku. Unajua nilikumbuka nini. Mimi nilikuwa kidato cha pili na hisabati nilikuwa nafaulu kuliko utakavyowahi kukubali. Baba akafa, wazee wakasema shuleni aende mmoja, na mmoja huyo ukawa wewe. Hukuniomba, ulikuwa mtoto, sikudai. Nilirudi nikashika jembe. Leo watu wakisema nyota yangu iko Dar kwa mdogo wangu, mimi nawaonaje wajinga? Wamekosea sayansi. Kingine hawajakosea sana.

Sikuombi uamini. Nimekuomba useme. Maneno matatu, manne. Wewe maneno si kazi yako? Kila siku unasimama mbele ya watu mia mbili unasema vitu ambavyo nusu yao hawaamini. Njoo Pasaka. Ukija, naolewa. Usipokuja, nitapakua wali mpaka nizeeke, na ninakuapia nitakuwa nakutaja kila ninapochota.

Usinijibu kwa barua. Njoo.

Dada yako,
Dainess

*

Dar es Salaam
28 Aprili 2025

Dada Dainess, shikamoo.

Nilifika salama, basi liliharibika kidogo pale juu ya Igawa lakini tulifika. Mama mwambie maparachichi yote yamefika mazima, nimewagawia majirani.

Nimekaa siku kadhaa bila kukuandikia kwa sababu bado nina hasira. Sijui nimkasirikie nani. Nimefundisha juzi, mwanafunzi kauliza swali la kawaida tu kuhusu nyota, nikageuka nikafuta ubao usio na kitu. Nilikuwa nasikia sauti ya Mama Jackson, "Sema kwa nguvu, baba, wa nje nao wasikie." Na mimi nikasema kwa nguvu! "Nyota ya dada yangu Dainess niliyokuwa nayo, leo nimeirudisha." Mzee Yohane akataka nirudie maana hakusikia. Nikarudia. Mama alikuwa ameinamisha uso, na sijui alikuwa anaona aibu kwa ajili yangu au anaomba. Shangazi Sekela akapiga vigelegele. Sijawahi kujidharau namna ile.

Na Jackson alikuja kunishika mkono akasema, "Ahsante shemeji, umetusaidia sana." Nilitaka kumuuliza kwa nini kazi hiyo nimeifanya mimi. Nikaona uso wako, nikamwambia karibu.

Basi. Limepita. Nimefanya, na nikiambiwa nirudie kwa ajili yako nitarudia, ila naomba nisiambiwe. Mmepanga lini? Niambie mapema niombe ruhusa kazini. Nataka nije nikae kwenye kiti, nile wali, nisiseme neno.

Mdogo wako,
Ando

*

Kinyala
11 Mei 2025

Mdogo wangu Ando,

Hujambo wewe, umeamkaje? Mama mzima kabisa. Mvua imepungua, baridi ndiyo imeingia, asubuhi majani ya chai yanang'oa vidole. Shangazi Sekela anakusalimia, anakuita mwanangu siku hizi.

Ruhusa usiombe.

Walikuja Jumamosi ya wiki iliyopita kupanga siku. Wameketi, chai imeandaliwa, baba mdogo kafungua kwa sala. Mama Jackson akasema anashukuru, nyota imerudi, ameiona hata kwenye uso wangu. Nikawa jikoni natabasamu mwenyewe. Kisha akasema, "Sasa ikisharudi, si amekuwa Nge tena?" Akafikiri kidogo. "Na mwanangu ni Simba." Akasema labda tumsikilize kwanza yule wa redioni, Ijumaa si mbali.

Ando, sijui nilifikaje sebuleni. Nilikuwa na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi kwenye mkeka wa baba mdogo. Sikumwangalia yule mama hata. Nilimwangalia Jackson, amekaa pale pale karibu na mlango, nikamuuliza mbele ya wote, "Wewe unasemaje?"

Akasema, "Dainess, tusikilize kwanza."

Nikamwambia sikuuliza redio, nimekuuliza wewe. Unanitaka au hunitaki? Akamwangalia mama yake. Mwanaume mzima, anaendesha mashine ya tani ngapi kule kiwandani, akamwangalia mama yake kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikangoja. Nilingoja kweli, Ando, usidhani nilikuwa na haraka, nilikuwa nataka aseme lolote. Hata angesema hanitaki.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe siku ya Pasaka. Jasho linakutoka kwenye baridi yote ile, suti yako ya kufundishia, unasema kitu ambacho huamini hata herufi yake moja, kwa nguvu, mara mbili, mbele ya watu wanaokuona mwizi. Ulikuwa unachukia mpaka mishipa ya shingo imekutoka. Na ulisema, kwa sababu mimi nilikuomba. Huyu nimemwomba neno moja, la kweli, lake mwenyewe, kwenye nyumba yenye chai, na limemshinda.

Nikawaambia wazee nashukuru kwa kutembea kwenu, nimekataa mimi, wala si nyota. Andikeni hivyo hivyo, nimekataa mimi. Nikarudi jikoni.

Nimelia. Usije ukadhani ni mambo ya ushujaa, nimelia wiki nzima, na Jackson kapita barabarani juzi na baiskeli nikajificha kwenye migomba kama mwizi. Bado nampenda, pumbavu zake. Baba mdogo ananuna, anasema nimemwaibisha. Mama tangu siku ile ananipakulia mimi kwanza.

Wewe najua sasa hivi umeshachukua kalamu kunieleza kitu. Usinieleze. Njoo Juni shule zikifungwa, wali nitaupika tu bila harusi. Utakaa kwenye kiti kama ulivyotaka.

Dada yako,
Dainess